Jasho, Kilema na Sheria: Historia ya Fidia ya Mfanyakazi na Darasa la Mwanafunzi wa Sheria

Mwanafunzi wa udaktari haitwi daktari mpaka awe amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa, akamshika mshipa, akamwuliza anaumwa wapi, na mwalimu wake amesimama nyuma akimtazama. Mwanafunzi wa sheria, kwa miaka mingi katika nchi yetu, ameweza kuhitimu na kuvaa joho bila ya kukaa na mtu hata mmoja aliyepoteza kiungo kazini. Anajua mikataba, anajua madhara, anajua majina ya kesi za Kiingereza za karne ya kumi na tisa. Lakini mlete mbele yake kibarua ambaye vidole vyake vitatu vimebaki ndani ya mashine ya kukamulia alizeti, na mwanasheria huyo hajui swali la kwanza la kumwuliza.

Tatizo hili ni la kisiasa kabla ya kuwa la kitaaluma, na ndiyo maana tunalijadili katika kurasa hizi. Sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia ni mahali ambapo uhusiano wa kazi na mali unaonekana bila pazia. Hapo mwili wa binadamu unapimwa kwa asilimia na kulipwa kwa shilingi. Kada asiyeijua historia ya kipimo hicho hawezi kuwatetea wafanyakazi, na mwanafunzi wa sheria asiyekiona kikifanya kazi hawezi kusema kwamba amesoma sheria.

Tumechagua kuitazama historia hii kutoka Singida. Watu wengi wakisikia Singida hufikiri habari za kuku, vitunguu, asali na alizeti. Hawafikiri habari za tabaka la wafanyakazi. Fikra hiyo ni potofu. Kazi ya kuajiriwa katika eneo hili ina umri sawa na ukoloni wenyewe, na watu wake wamelipa kwa viungo vyao katika kila hatua.

Tuanze na Sekenke, katika Iramba. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke ulianza kazi mwaka 1909, wakati wa Wajerumani, na unahesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake katika Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana Wajerumani wakakosa fedha, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika mwaka 1916 zikapigwa huko sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Sarafu hizo leo hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale na huuzwa kwa bei kubwa. Wachimbaji walioitoa dhahabu hiyo katika mwamba hawana kumbukumbu ya namna hiyo.

Ni vema msomaji ajue jambo moja kuhusu watawala hao. Katika Ujerumani yenyewe, sheria ya bima ya ajali kazini ilikuwa imekwisha kupitishwa tangu 1884, katika siku za Bismarck. Haikutungwa kwa huruma. Bismarck aliwaogopa wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakijiunga na vyama vya kisoshalisti, akaona afadhali awape kidogo kabla hawajadai kingi. Sheria hiyo haikuvuka bahari kuja kumlinda mchimbaji wa Kinyiramba. Serikali ile ile iliyokubali kwamba mguu wa Mjerumani uliovunjika kiwandani una fidia, haikuona fidia yoyote katika mguu wa Mwafrika uliovunjika shimoni. Hapa mwanafunzi anajifunza somo la kwanza kuhusu sheria za kazi: zinapatikana pale ambapo wafanyakazi wana nguvu ya kuogopwa.

Waingereza walipochukua nchi, walitunga mwaka 1923 sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Jina lenyewe linatosha kueleza habari. Chini ya sheria hiyo kibarua aliyetoroka kazi alikuwa mhalifu wa kushitakiwa na kufungwa, kana kwamba ameiba. Tajiri aliyevunja mkataba alidaiwa tu. Idara ya Kazi ilianzishwa katika miaka hiyo ya ishirini chini ya Meja Orde-Browne, ikavunjwa mwaka 1931 kwa hoja ya kubana matumizi wakati wa mdororo wa uchumi duniani. Ilipobidi kupunguza matumizi, mlinzi wa kibarua ndiye aliyepunguzwa.

Katika miaka hiyo vijana wa Unyaturu na Unyiramba walitoka kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kodi iliwasukuma, na njaa za nchi ile kavu zikawasukuma zaidi. Manamba aliyekatwa na mashine ya kusindika mkonge, au aliyerudi na kifua kilichoharibika, alifanyiwa nini? Alirudishwa nyumbani. Na hapo ndipo ulipo ufunguo wa uchumi mzima wa kikoloni, ambao vitabu vya sheria haviuonyeshi. Tajiri wa mkonge hakulipa fidia kwa sababu fidia ililipwa Singida. Ililipwa na mtama wa mama yake, na ng'ombe wa baba yake, na mgongo wa mke aliyelima shamba la watu wawili. Kijiji kilimlea mfanyakazi mpaka akapata nguvu, shamba la mkonge likazitumia nguvu hizo, kisha kijiji kikapokea kilema. Mshahara wa manamba uliweza kuwa mdogo kiasi kile kwa kuwa gharama za utoto, ugonjwa na uzee wake hazikuhesabiwa ndani yake.

Mabadiliko hayakuletwa na wema wa gavana. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli ya kati kuelekea bara. Mwaka uliofuata, 1948, ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 263. Mambo mengine nayo yalichangia: London ilikuwa imekwisha kuagiza sheria za namna hiyo katika makoloni, na Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa na mkataba wake wa fidia tangu 1925. Lakini miaka zaidi ya ishirini ilipita kati ya mkataba huo na sheria hiyo, na katika miaka hiyo yote hoja za Geneva hazikutosha mpaka makuli walipoweka mizigo chini.

Sheria ya 1948 ilikuwa hatua mbele, na hatuna sababu ya kuificha hatua hiyo. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi hakulazimika kuthibitisha kwamba tajiri alikuwa na kosa. Ilitosha kwamba ameumia kwa ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea akiwa kazini. Pamoja na hayo sheria hiyo ilikuwa na sura ya waliomtunga. Ilikuwa na jedwali la viungo: kidole, jicho, mguu, kila kimoja na asilimia yake, kama orodha ya bei dukani. Iliweka mzigo juu ya mwajiri mmoja mmoja, kwa hiyo mwajiri akifilisika au akihama, haki ya mfanyakazi ilihama naye. Na ilimtaka mtu aliyelazwa hospitali, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, atoe taarifa na kudai katika muda uliowekwa.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalirekebishwa. Kiinua mgongo kiliwekwa kwa sheria mwaka 1962. Mwaka 1964 ikaja Sheria ya Usalama wa Kazi iliyoanzisha Kamati za Wafanyakazi mahali pa kazi, na mwaka huo huo ikaundwa NUTA, ambayo mwaka 1978 ilifuatiwa na JUWATA. Azimio la Arusha la 1967 likatangaza kwamba nchi ni ya wakulima na wafanyakazi. Mwongozo wa 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wakausoma kwa makini kuliko baadhi ya mameneja walivyotegemea.

Hata hivyo, Sura ya 263 ilibaki. Hapa lazima tuseme ukweli, kwa kuwa jarida la nadharia lisilosema ukweli halina kazi. Taifa lililotaifisha mabenki lilichukua miaka sitini tangu 1948 kuibadilisha sheria ya fidia. Viwango vya juu viliachwa vikaliwa na kupanda kwa bei, mpaka ikawa fidia kubwa kabisa kwa ulemavu wa kudumu ni shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Tupime viwango hivyo kwa kipimo cha kibarua. Amri ya mishahara ya 2007 iliweka kima cha chini cha shilingi 65,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa shamba. Maana yake uhai wa mfanyakazi, machoni pa sheria, haukufikia mishahara miwili ya mtu anayelipwa kidogo kuliko karibu wote. Hakuna aliyekaa kikao akaamua jambo hilo. Liliachwa tu likajiamua lenyewe, na kuachwa huko nako ni siasa.

Sasa tuwatazame wanasheria. Elimu ya sheria katika nchi yetu ilianza Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilipofungua kitivo chake cha kwanza, ambacho kilikuwa cha Sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi cha kuenea katika chumba kimoja. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio, ikaanzishwa katika kitivo hicho Kamati ya Msaada wa Kisheria, ambayo ndiyo mzazi wa huduma za msaada wa sheria nchini. Raia asiyeweza kumlipa wakili aliweza kufika kwa walimu wa sheria na kupata ushauri bila malipo. Kutoka katika kazi za namna hiyo, na katika mijadala ya Mlimani ya miaka ya sabini, walitokea wanasheria waliolitazama swali la kazi kwa macho mapya. Profesa Issa Shivji alitoa mwaka 1986 kitabu juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi katika Tanzania, na mtu yeyote anayefundisha somo hili mpaka leo anakunywa katika kisima hicho, hata akiwa hakubaliani na kila jambo lililomo.

Kamati ile ilikuwa na mpaka mmoja, nao ni mpaka wa ramani. Kutoka Singida mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Mfanyakazi aliyevunjika uti wa mgongo hapandi basi siku nzima kwenda kutafuta ushauri Mlimani. Kwa miongo mingi mtu wa Manyoni au Kiomboi alibaki na Afisa Kazi mmoja wa mkoa, kama yupo na kama ana usafiri.

Sheria zenyewe zilibadilika katika karne hii. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilipitishwa 2003. Sheria za Kazi za 2004 zilileta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa 2008, na Mfuko wa Fidia ulianza kazi Julai 2015. Mabadiliko haya ni makubwa kuliko wengi wanavyoelewa. Waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, wanachangia katika chungu kimoja. Tangu Julai 2022 mchango wa sekta binafsi umeshushwa mpaka nusu ya asilimia moja ya mishahara, sawa na wa Serikali. Kwa hiyo mwajiri akifilisika, haki ya mfanyakazi haifi. Mwenye ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 analipwa pensheni kila mwezi badala ya kupewa fungu moja la kwenda kununulia bati. Yapo matibabu, upo utengamao, yapo malipo ya wategemezi. Bei ya kikoloni ya kiungo imeondolewa.

Basi kwa nini bado tunawaona vilema wa kazi wakikaa vibarazani bila ya chochote? Hapa ndipo mwanafunzi wa sheria anapohitajika, na hapa ndipo maktaba inapomwacha.

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha alizeti, cha aina iliyojaa Singida mjini na pembezoni mwa barabara kuu. Ni msimu wa mavuno, mashine haizimwi, naye hana barua ya kazi; analipwa kwa siku. Mkanda unamnasa mkono. Mwenye kiwanda, ambaye pengine si mtu mbaya, anampeleka hospitali kwa gari lake, analipia dawa, anampa nauli na gunia la unga, na kuwaambia ndugu zake kwamba ametoa mkono wa pole. Familia inashukuru. Miezi inapita. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba za kazi, na dai lipelekwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu ajali. Taarifa haikutolewa, kwa kuwa mwajiri hakuwahi kumwandikisha kijana huyo, na kutoa taarifa ni kujifichua. Kwenye faili la hospitali imeandikwa "jeraha la mkono", basi. Hakuna aliyeandika kwamba jeraha ni la mashine, wala mashine ni ya nani.

Mwanafunzi anayekaa katika kliniki ya sheria akiletewa mtu huyu hatafungua kitabu kwanza. Atauliza: nani alikuwa zamu na wewe? Ulilipwa mara ya mwisho lini, kwa mkono au kwa simu? Ujumbe wa malipo bado upo kwenye simu? Daktari alikuuliza umeumiaje, na aliandika nini? Tarehe gani hasa? Kisha atakwenda kuandika maelezo ya mfanyakazi mwenzake kabla msimu haujaisha na huyo mwenzake hajarudi kijijini kwao. Atarudi hospitali na kuomba daktari aliyempokea majeruhi aeleze chanzo cha jeraha. Kazi yote hii ni ya miguu na masikio. Hakuna sehemu yake inayoitwa kesi, na bila ya hiyo hakuna kesi.

Mwanafunzi huyo atajifunza pia lugha. Mzee wa Kinyaturu anayesimulia ajali ya mwanawe haanzi na tarehe. Anaanza na mvua, na ng'ombe waliouzwa, na nani alikuja kuleta habari. Mwanafunzi asiye na subira atamkatiza na kumtaka ajibu "ndiyo" au "hapana", na kwa kufanya hivyo atampoteza shahidi wake wa pekee. Akimsikiliza mpaka mwisho, ataipata tarehe ndani ya mvua.

Liko swali gumu zaidi, nalo lipo katika machimbo. Singida ya leo ina mgodi mkubwa wa kisasa katika Ikungi, ulioanza kutoa dhahabu 2023, na huko mikataba, mafunzo ya usalama na rejesta zipo kama sheria inavyotaka kwa migodi ya aina hiyo. Lakini wachimbaji wengi wako katika maduara ya wachimbaji wadogo, kama ya Londoni na Sambaru. Huko mtu halipwi mshahara. Mwenye duara hutoa chakula, baruti na mbao. Wachimbaji hutoa nguvu. Mawe yakipatikana hugawana kwa mafungu. Kuta zikimwangukia mchimbaji, mwenye duara husema: huyu alikuwa mshirika wangu, mimi sikumwajiri.

Mshirika wa namna gani, asiyeweza kuamua saa ya kuingia shimoni wala ya kutoka? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, katika kifungu cha 61, imeweka vigezo ambavyo kimojawapo kikiwepo, mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kama namna au saa zake za kazi zinaamuliwa na mwingine, kama amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kama anapewa zana, kama anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Jina lililoandikwa juu ya mkataba halitoshi kuificha hali yenyewe. Wanasheria wangapi wamekwenda na kifungu hicho mpaka mdomoni mwa duara, wakauliza ni nani aliyenunua mbao zile? Tunaona kwamba kazi hii peke yake ingetosha kuwa mafunzo ya mwaka mzima kwa kundi la wanafunzi kutoka vyuo vyetu, na Dodoma yenye Chuo Kikuu kikubwa iko jirani.

Tuongeze neno juu ya maradhi, maana ajali angalau ina siku yake. Vumbi la mawe halina siku. Mchimbaji au mponda mawe hulivuta miaka kumi, kisha huanza kukohoa akiwa amekwisha kuacha kazi, na kijijini huambiwa ana kifua kikuu, na pengine kweli anacho, kwa kuwa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa upesi na kifua kikuu. Sheria ya 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini kuunganisha kikohozi cha leo na shimo la miaka kumi iliyopita kunahitaji mwanafunzi wa sheria na mwanafunzi wa udaktari wakae meza moja, jambo ambalo vyuo vyetu havijazoea kulipanga.

Serikali imefungua njia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2023 kwa jina la Rais Samia imepita mikoani, Singida ikiwemo. Imewafikia watu wengi, hasa kwa migogoro ya ardhi, ndoa na mirathi. Lakini mashine ya alizeti haisubiri msafara urudi, na dai la aliyeumia lina saa inayokimbia. Ajali ya Mei haiwezi kungojea kampeni ya mwaka kesho kutwa. Kinachotakiwa ni meza isiyohama, yenye watu wanaobadilishana: kundi moja la wanafunzi likimaliza muhula, jingine linapokea mafaili, chini ya wakili mmoja anayekaa hapo mwaka mzima.

Na makada? Katika kata nyingi za Singida, anayepata habari ya ajali kwanza ni balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji, saa nyingi kabla ya Afisa Kazi. Yeye ndiye anayeitwa kusuluhisha, na mara nyingi ndiye anayeshuhudia ule mkono wa pole ukitolewa. Tumewasikia viongozi wa matawi wakisifu suluhu hizo kwa kuwa zimeleta amani. Amani hiyo ina hesabu yake, na anayeilipa ni yule asiyekuwa na mkono. Balozi anayeandika katika daftari lake siku, saa, jina la mwenye mashine na majina ya waliokuwepo, kisha akampigia simu msaidizi wa kisheria wa wilaya kabla jua halijatua, amefanya kazi ambayo wakili wa Dar es Salaam hawezi kuifanya baada ya miezi sita kwa ada yoyote. Daftari la kurasa 48 linatosha, na kalamu ifungwe kwa uzi ili isipotee.